Kungoja Kitabu Ambacho Hakijaandikwa

Dada yangu alinitaka nizungumze na mwanawe juu ya kitabu ambacho hakipo. Alinieleza jambo hilo baada ya sala ya Magharibi, tukiwa uani kwake hapa Izia, na kwa namna alivyolieleza nilidhani kijana amepoteza mali ya watu. "Wewe ni katibu wa msikiti, mdogo wangu, watu wanakusikiliza," alisema. "Kamwulize anangoja nini."

Kijana mwenyewe ana miaka 21 na anaishi na ugonjwa wa seli mundu tangu utotoni. Wanaoujua mji wetu wa Sumbawanga wataelewa maana yake bila maelezo mengi. Uwanda wa Ufipa umeinuka, mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huku si jambo la kufanyia mzaha. Kwa mwenye seli mundu, baridi ni adui anayepiga hodi kila mwaka. Mishipa hujibana, chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama ndani yake, na maumivu huanza katika mifupa ya miguu, mgongo na kifua. Kwa hiyo mpwa wangu huwa na miezi miwili au mitatu ambayo hatoki nje isipokuwa jua likiwa limekolea. Hukaa karibu na jiko la mkaa, mlango ukiwa wazi kidogo ili hewa ipite, blanketi mbili mabegani, na simu mkononi. Katika simu hiyo husoma.

Anachosoma ni mfululizo wa vitabu vya mwandishi wa Marekani aitwaye George R. R. Martin: kisa kirefu cha falme zinazogombea kiti kimoja, chenye majoka, majeshi, ndugu wanaosalitiana, na majira ya baridi yanayoweza kudumu miaka kadhaa mfululizo. Niliposikia habari ya baridi ya miaka kadhaa nilielewa mara moja kwa nini mtoto wa Ufipa alinaswa. Naomba niseme mapema, kwa ajili ya wazazi wanaosoma ukurasa huu, kwamba vitabu hivi si vya watoto. Vina damu nyingi na vina mambo ya faragha yasiyostahili kusomwa na mtoto wa shule. Mpwa wangu ni mtu mzima, na alianza kuvisoma akiwa mtu mzima. Mzazi mwenye binti wa miaka 13 asije akasema katibu amempa ruhusa.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Mwandishi alikusudia vitabu vitatu tu, lakini kisa kikamkua mikononi kama ugali uliozidishiwa unga. Cha pili kikatoka, cha tatu mwaka 2000, cha nne mwaka 2005. Mwishoni mwa kile cha nne aliandika maneno ya kuwatuliza wasomaji, akitumaini kwamba sehemu iliyobaki ingewafikia mwaka uliofuata. Iliwafikia mwaka 2011. Kitabu cha sita, ambacho jina lake The Winds of Winter linajulikana kwa miaka mingi, bado kinangojwa. Mnamo Januari 2016 mwandishi mwenyewe alitangaza kwa masikitiko kwamba ameshindwa kukikamilisha ndani ya muda aliokubaliana na wachapishaji. Wakati huohuo mchezo wa televisheni uliotungwa kutokana na vitabu hivyo, ulioanza mwaka 2011, ulivipita vitabu vyenyewe na kufika mwisho mwaka 2019, kwa hiyo dunia ikapewa hitimisho kabla ya mwenye kisa kulifikia.

Mpwa wangu alinihadithia haya yote kwa tarehe, bila kutazama popote, kama mwanafunzi anayesoma isnadi. Nilikuwa nimekwenda na hotuba yangu fupi kichwani, juu ya thamani ya wakati. Nikaona niisubirishe.

"Watu wanamwandikia maneno makali, mjomba," aliniambia. "Alizaliwa mwaka 1948. Wanahesabu umri wake, wanatazama mwili wake, wanasema atakufa kabla hajamaliza. Wengine wanamwombea uzima ili amalize tu." Akanyamaza kidogo, akavuta blanketi. "Mimi sijawahi kuhesabu umri wake. Ninaomba nisimtangulie."

Sikuwa na jibu. Dada yangu alikuwa mlangoni na birika la chai, na nadhani alisikia, kwa sababu aliliweka chini taratibu kuliko ilivyo desturi yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria suala hili kwa uzito ambao sikuutarajia. Suala lenyewe ni hili: mwandishi aliyeanza kisa na akakiuza nusu, anadaiwa nini na msomaji? Wasomaji wenye hasira husema anadaiwa mwisho. Watetezi wake husema hadaiwi chochote, kwa kuwa kila aliyenunua kitabu cha kwanza alipewa kitabu cha kwanza, na biashara ikaishia hapo.

Kwa mtu aliyepita katika vyuo vyetu, jambo hili lina mlango wake. Anayelipa leo ili apewe bidhaa kesho ameingia katika bei ya salamu, na bei hiyo haisihi mpaka bidhaa ielezwe sifa zake na muda wa kukabidhiwa ujulikane. Msomaji wa kitabu cha tano hakulipia cha sita, wala hakutajiwa muda. Kwa hiyo hakuna deni la mauzo. Kuna ahadi, na ahadi ni jambo jingine. Imamu Nawawi ameeleza kwamba wanazuoni wamekubaliana kuwa aliyeahidi jambo lisilokatazwa anapaswa kulitekeleza. Wakahitilafiana: je, ni wajibu, au ni jambo lililopendekezwa kwa nguvu? Imamu Shafii na wengi walishika kauli ya pili. Anayevunja ahadi bila udhuru ameacha jambo bora na ametenda jambo la kuchukiza, lakini hakimu hatamshika shingo.

Nadhani kauli hiyo inamfaa Martin. Haimfai kila mmoja. Yupo mwandishi mwingine Mmarekani, Patrick Rothfuss, ambaye kitabu chake cha pili kilitoka mwaka 2011 na cha tatu bado. Mwaka 2021, katika kampeni ya kuchangisha sadaka, aliahidi kuwapa watu sura moja ya kitabu hicho iwapo michango ingefikia kiwango fulani. Michango ikafika. Sura ikachelewa sana. Hapo mimi, kama katibu ambaye hushika daftari la michango, ninakuwa mkali kidogo. Mtu akishatoa fedha kwa sababu ya neno lako, neno hilo limekuwa zito kuliko lilivyokuwa ulipolitoa.

Ninayajua haya kwa upande wa pili pia. Kamati yetu imekuwa na jengo la madrasa ambalo kuta zake zilisimama zamani na paa likachelewa. Kila Ijumaa mzee mmoja hunisubiri mlangoni na neno moja tu: "Lini?" Hana hasira, ananyanyua nyusi tu. Ninaweza kumweleza bei ya bati, bei ya mbao, na kwamba mvua zetu hazimwachi fundi afanye kazi kuanzia Novemba mpaka Aprili, na yote ni kweli, lakini yeye hakuuliza bei ya bati. Tulikubaliana katika kamati kwamba tusitangaze tena tarehe. Tunatangaza hatua: kenchi zimekamilika, bati za upande wa magharibi zimenunuliwa. Mzee bado ananyanyua nyusi, lakini sasa hutaka kwanza kupanda juu ya matofali aone kenchi.

Nilipomrudia mpwa wangu juma lililofuata, sikumpelekea nasaha. Nilimpelekea habari ya kitabu kingine kilichochelewa.

Kila aliyesoma fiqhi ya Shafii analijua jina la Al-Majmuu, sherehe kubwa ya kitabu Al-Muhadhdhab. Imamu Nawawi aliianza akiwa na nguvu zake, akaifikisha mpaka mlango wa riba katika kitabu cha mauzo, kisha akafariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, akiwa na miaka takriban 45. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha sentensi inayongoja inayofuata. Chuoni ukiisoma sherehe hiyo kwa mfululizo unaufika mlango huo na unahisi kabisa kwamba sauti imebadilika, kama vile umesali rakaa mbili nyuma ya imamu mmoja na rakaa ya tatu unasikia takbira ya mtu mwingine.

Sauti hiyo ya pili ni ya Taqiyuddin As-Subki. Alisita muda mrefu kuigusa kazi ile, na marafiki zake wakawa wanamsukuma na kumrudia, hawakumpa nafasi ya kupumua. Hatimaye akakubali. Naye akafariki mwaka 756 Hijria bila kuimaliza. Kitabu kikalala. Wanafunzi wakazaliwa, wakasoma, wakawa masheikh, wakafa, vizazi kwa vizazi, na wote wakiishia palepale. Aliyekuja kuimaliza ni mwanazuoni wa Misri, Muhammad Najib Al-Muti'i, katika karne ya 20. Kati ya kalamu ya Nawawi kuwekwa chini na kitabu kukamilika ni takriban miaka 700.

Mpwa wangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mia saba, mjomba! Nao hawakumtukana?"

Nilimwambia kwamba hawakumtukana, ila walikuwa na jambo moja linalowasaidia: walijua kwamba aliyekuwa akiandika amekwisha kufa, na kwamba kilichobaki ni nani atathubutu. Hilo likatupeleka kwenye Tafsiri ya Jalalayni, ambayo iko katika madrasa nyingi za Afrika Mashariki na pengine iko katika nyumba yako. Jalaluddin Al-Mahalli aliianza kutokea Suratul Kahf mpaka mwisho wa Msahafu, kisha akarudi kuisherehesha Fatiha, na kifo kikamkuta hapo, mwaka 864 Hijria. Ndiyo sababu katika chapa nyingi sherehe ya Fatiha imewekwa mwishoni, jambo linalowashangaza wanaoanza. Nusu ya kwanza, kutoka Al-Baqara mpaka Al-Israi, iliandikwa na mwanafunzi wake Jalaluddin As-Suyuti mwaka 870, kwa muda wa takriban siku 40. As-Suyuti alikuwa na miaka 21.

"Miaka ishirini na mmoja?" aliuliza kijana, na safari hii hakucheka.

Akaniambia kwamba na wao wana Jalaluddin wao. Mwandishi Robert Jordan alianza mfululizo wake mrefu mwaka 1990, akafariki Septemba 2007 kwa maradhi ya damu yasiyo ya kawaida, akiwa ameacha maelezo mengi ya namna kisa kitakavyokwisha. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua kijana aliyekua akivisoma vitabu hivyo, Brandon Sanderson. Huyo akaandika vitabu vitatu, cha mwisho kikatoka mwaka 2013, na jumla ikawa vitabu 14. Mpwa wangu anasema unaweza kuona pale kalamu ilipobadilika mkono. Nikamwambia ni yaleyale ya mlango wa riba.

Hata hivyo, si kila mfululizo humfunga msomaji kamba hii. Sisi wenye Kiswahili tumekuwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari wa Makunduchi, aliyekuwa mhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 na ukachapwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikaja mwaka 1968. Ni miaka minane. Kisha Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka uliofuata, na vingine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991, na sijamsikia mtu akilalamika kwamba Bwana Msa hakumalizwa. Sababu ni ya kifundi: kila kitabu kinafungua fumbo lake na kulifumbua kabla ya jalada la nyuma. Muuaji anajulikana, Bwana Msa anajaza kiko chake, Najum anashangaa, na msomaji analala usingizi. Hawa wenzetu wa majoka huchukua swali moja wakalitandaza juu ya kurasa elfu kadhaa. Wanapochelewa, wanakuwa wamelala na ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine.

Hadithi za magazetini ndizo zilizotufundisha sisi wa huku kungoja. Nilipokuwa mtoto, kabla ya lami kuja mpaka mjini, magazeti kutoka Dar es Salaam yalipitia Mbeya na Tunduma, na wakati wa masika basi likikwama kwenye tope la Laela nalo gazeti limekwama. Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma herufi za Kirumi, ila alikuwa na hadithi moja ya mfululizo katika gazeti moja la kila juma, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Ilihusu binti aliyepotelea bandarini. Kila ilipoishia kwa yale maneno ya kutaka tuonane juma lijalo, bibi husonya na kusema kwa Kifipa jambo nisiloweza kuliandika hapa. Kisha gazeti likaacha kuja. Halikuchelewa, lilikufa, na binti akabaki bandarini.

Bibi alingoja kama miezi minne. Baadaye, jioni moja tukipukuchua mahindi, akaanza tu: "Yule binti alipanda meli." Akaendelea mpaka mikono yetu ilipouma. Meli haikwenda Mombasa kama alivyodokeza mwandishi. Ilishuka Ziwa Tanganyika, ikatia nanga Kasanga, binti akapanda mlima akafika Ufipa, akaolewa na mtu mwenye ng'ombe. Dada yangu, aliyekuwa msichana mkubwa wakati huo, alipinga kwa nguvu. Alitaka binti asome. Bibi akamwambia basi atasoma, lakini baada ya kuolewa. Ubishi ule ulidumu mpaka bibi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mimi mpaka leo sijui mwandishi alikusudia nini. Nilimkumbusha dada kisa hicho pale uani. Alinyamaza, kisha akasema kwa hasira kidogo kwamba bado anaona binti angepaswa kusoma kwanza. Ni yeye aliyenituma kumwuliza mwanawe anangoja nini.

Mwaka huu baridi iliingia mapema. Mpwa wangu alilazwa siku sita, akawekewa maji na dawa za maumivu, akarudi nyumbani amepungua. Wauguzi walikuwa wema kwake. Siku ya tatu, alipoweza kukaa, aliniomba nimsomee kitu kwa sauti kwa kuwa simu inamchosha macho. Nilikuwa na nakala yangu chakavu ya Mzimu wa Watu wa Kale katika mfuko. Tuliimaliza kabla hajaruhusiwa, na wagonjwa wa vitanda viwili vya jirani wakawa wanatoa maoni yao juu ya nani ni mwuaji. Mmoja wao, dereva wa lori, alipatia. Kisima cha Giningi tumekisoma nyumbani, na mama yake amekuwa akipika karibu sana na mlango wa chumba.

Bado anamngoja Martin. Ameniambia wazi kwamba hataacha, na sikumwomba aache. Amenieleza pia namna anavyodhani kisa kitakwisha. Ni maelezo marefu, yana ramani aliyoichora nyuma ya daftari la hesabu, na sitayatoa hapa kwa sababu nilimwahidi.

Tulichokwama nacho sasa ni kingine. Tumepata Duniani Kuna Watu kwa mwalimu mmoja mstaafu, lakini Siri ya Sifuri haipatikani mjini kwetu. Nimeuliza shuleni na kwa wauza vitabu vya zamani sokoni. Msomaji yeyote anayekuja Sumbawanga na ana nakala ambayo yuko tayari kuiazima, tafadhali aiache kwa katibu wa msikiti wa Izia baada ya sala yoyote. Itarudishwa ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya kaki. Tungependa kuipata kabla ya Julai kwisha.